Maswali ya wasomaji: pampu ya joto na kodi ya Marekani

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wenye nyumba kaskazini mwa Marekani, ambako tangu Novemba hadi Aprili mashine ya joto ikizima, watu huhamia kwa jirani. Karibu zote zinahusu pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, na nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama yake, iliyoanza Januari 2023 na kukoma 31 Desemba 2025. Tunasema "nafuu", si "mkopo wa kodi" kama baadhi ya karatasi zilizofasiriwa zinavyosema. Hakuna aliyekukopesha kitu, na hutadaiwa baadaye.

Shikamooni. Mwezi wa nane 2025 tulitoa fanesi ya zamani (tanuru la kupasha nyumba joto) tukaweka pampu ya joto, dola 11,400 pamoja na ufundi. Kampuni ya umeme ikaturudishia 1,500. Fundi alisema serikali itatuletea hundi ya asilimia 30. Mbona anayetujazia fomu za kodi anasema ni 1,310 tu? – Mama wa watoto wawili, Lewiston, Maine

Marahaba, mama. Anayewajazia yuko sahihi, na pengine hata hiyo 1,310 inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Twende polepole.

Kwanza mnaondoa fedha ya kampuni ya umeme, kwa sababu sheria inaihesabu kama bei iliyoshuka: 11,400 toa 1,500 ni 9,900. Asilimia 30 yake ni 2,970. Lakini pampu ya joto ina kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo 970 imeanguka hapo. Kisha inakuja kodi yenyewe. Nafuu hii hufuta kodi unayodaiwa, na kodi ikifika sifuri nayo imekwisha. Inayobaki hailipwi kwa hundi, wala haisogezwi mwaka unaofuata. Kama kodi yenu ya mwaka kabla ya nafuu zozote ni 1,310, ndiyo hiyo hiyo mnayofutiwa. Angalieni kodi iliyopigwa hesabu kwenye fomu 1040, ile ya kodi ya mwaka, msiangalie iliyokatwa kazini. Iliyokatwa kazini mtarudishiwa kwa njia yake.

Sasa pale fundi asipofika. Kama watoto wote wawili wako chini ya miaka 17 na wana namba za Social Security, mna pia nafuu ya watoto: dola 2,200 kwa kila mtoto kwa mwaka 2025, yaani 4,400, na kati ya hizo hadi 1,700 kwa mtoto zinaweza kulipwa taslimu. Nafuu ya pampu hutangulia kwenye foleni. Bila pampu, nafuu ya watoto ingefuta ile 1,310 na kuwapa 3,090 taslimu: jumla 4,400. Pamoja na pampu, kodi inafutwa na pampu, nafuu ya watoto inabaki bila kodi ya kufuta, na kwa kuwa taslimu haizidi 3,400, jumla inakuwa 4,710. Tofauti mfukoni ni dola 310. Si wizi wala kosa la mjazaji, ndivyo sheria ilivyopangwa. Nafuu hii ilimfaa zaidi mwenye kodi kubwa, na mafundi wengi waliiuza kama fedha taslimu kwa kila mtu.

Jazeni hata hivyo. Ni fomu 5695 sehemu ya pili, na jumla yake huhamia Schedule 3, karatasi ya nyongeza ya 1040.

Tulilipa fedha yote tarehe 28 Desemba 2025, lakini kifaa cha nje kilichelewa na mashine ikawashwa tarehe 9 Januari. Fundi yuko tayari kutuandikia risiti ya Desemba. Je, inafaa? – Msomaji, Columbus, Ohio

Haifai. Sheria haiulizi ulilipa lini, inauliza mashine ilifungwa na kuwa tayari kutumika lini. Iliyofungwa Januari 2026 haipati kitu, hata kama ililipiwa Oktoba. Kwa pampu ya ardhini, ile inayovuta joto kwa mabomba yaliyofukiwa, jibu ni lile lile ingawa kifungu chake ni kingine: gharama huhesabiwa siku kazi inapokamilika.

Hiyo risiti ya Desemba iacheni. Tarehe ya kweli imeandikwa mahali pengi ambapo fundi hana kalamu: kibali cha jiji, usajili wa dhamana kwa mtengenezaji, karatasi ya kupima gesi ya kupozea siku ya kuwasha, hata bili ya umeme. Anayetia saini fomu ya kodi ni wewe, si yeye. Ukiwa na mkataba unaosema kazi ingekamilika ndani ya Desemba, huko ndiko kwa kudai: mwombe fundi akupunguzie bei kwa kuchelewa.

Programu ya kodi inakataa kuendelea bila kitu kinachoitwa QMID. Nimeingiza namba ya mashine iliyo kwenye kibati, inakataa. Naongeza: fundi alibadilisha kifaa cha nje tu, cha ndani kilikuwa bado kizima. – Msomaji, Brooklyn Park, Minnesota

Una maswali mawili, na la pili ndilo zito.

QMID ni alama ya mtengenezaji aliyesajiliwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, yenye herufi na tarakimu nne tu. Ilianza kudaiwa kwa vifaa vilivyofungwa 2025: pampu, fanesi, boila, hita za maji, madirisha, milango, paneli za umeme (sanduku la swichi kuu, si paneli za jua). Namba uliyoingiza ni ya mashine yako peke yake, ndiyo maana inakataliwa. Tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukurasa wa nafuu za kodi, au mwandikie barua pepe ukimtajia modeli. Usiazime ya jirani mwenye chapa nyingine. Pamba ya darini (ya kuzuia joto kutoroka) na vifaa vya kuziba nyufa havidai alama hii, na pampu ya ardhini pia haiidai.

Sasa kifaa cha ndani. Ufanisi wa pampu ya joto haupimwi kwa kifaa cha nje peke yake. Hupimwa kwa jozi: kifaa cha nje, koili ya ndani (mabomba inamopita gesi ya mashine), na mara nyingine feni inayosukuma hewa. Kila jozi iliyopimwa ina cheti chenye namba ya AHRI, chama cha watengenezaji wa mashine hizi, na cheti hicho ndicho kinachoonyesha kama jozi inafika daraja la juu lililotakiwa. Kifaa kipya cha nje kikiunganishwa na koili ya miaka kumi na mbili iliyopita, mara nyingi hakuna cheti, na bila ufanisi uliothibitishwa hakuna nafuu. Mwombe fundi namba ya AHRI ya jozi iliyoko nyumbani kwako, kisha uihakiki mwenyewe kwenye orodha yao ya bure mtandaoni. Soma modeli kwa herufi zote, maana herufi moja ya mwisho ikibadilika ni mashine nyingine.

Kuna na hatari isiyo ya kodi. Tangu 1 Januari 2025 viwanda viliacha kutengeneza mifumo mipya ya nyumbani ya gesi R-410A, na mashine mpya zinatumia R-454B au R-32. Koili iliyotengenezewa R-410A haikuundwa kwa gesi hizo, ambazo zinashika moto kidogo na zinadai kihisi cha kuvuja. Tazama kibati cha kifaa cha nje, kisha fungua kifuniko cha ndani usome cha koili. Majina ya gesi yakitofautiana, acha mambo ya kodi kwanza, mpigie fundi leo.

Nina nyumba Fargo niliyoipangisha, mimi nakaa kwenye apatimenti. Niliweka pampu kule 2024. Naweza kudai? – Msomaji, North Dakota

Hapana. Lazima uwe unaitumia nyumba hiyo kama makazi yako. Gharama ya nyumba ya kupangisha huenda kwenye hesabu za biashara, kwa uchakavu wa mali. Ajabu ni kwamba mpangaji wako, kama angenunua pampu kwa fedha yake, angeweza kudai. Na kwa walezi wanaotunza watoto nyumbani: sehemu ya biashara ikiwa haizidi asilimia 20 ya matumizi, unadai yote. Ikizidi, unadai sehemu ya makazi tu.

Mwaka 2023 tuliweka hita ya maji ya pampu ya joto na pamba darini, hatukujua kama kuna nafuu. Tumechelewa? Risiti moja imepotea. – Baba na Mama, Portland, Maine

Mna muda. Fomu ya marekebisho ni 1040-X, na dirisha lake ni miaka mitatu tangu mlipowasilisha. Waliowasilisha kodi ya 2023 kwa wakati au mapema huhesabiwa tangu 15 Aprili 2024, kwa hiyo mwisho wenu ni 15 Aprili 2027. Ambatanisheni 5695 ya mwaka 2023, si ya mwaka mwingine, maana mistari inahama. QMID haikuwapo 2023, hiyo ni nafuu kwenu.

Hesabu zenu zina vikapu viwili. Hita ya maji ya pampu ya joto iko kwenye kikapu cha dola 2,000, pamoja na ufundi. Pamba iko kwenye kikapu cha 1,200, na humo ufundi hauhesabiwi: mnadai asilimia 30 ya pamba yenyewe. Kama fundi aliandika tarakimu moja tu, mwombeni aigawe kwa maandishi, pamba kiasi gani, kazi kiasi gani. Risiti iliyopotea ni hiyo hiyo njia, nakala kwake pamoja na taarifa ya benki. Hamzitumi IRS, mnaziweka.

Kwa kuwa kikomo kilikuwa cha kila mwaka, walioweka hita 2023 na pampu ya chumba 2024 wana 2,000 mara mbili. Wengi waliunganisha kazi zote mwaka mmoja kwa kuhimizwa na fundi, wakapoteza nusu.

Nafuu imekwisha. Fanesi yetu ni ya 1998 na haitavuka baridi nyingine. Kuna nini kimebaki? – Msomaji, Saint Paul, Minnesota

Kwenye kodi ya serikali kuu, hakuna kwa mashine mpya ya nyumbani. Isipokuwa mtu aliyekamilisha pampu ya ardhini kabla ya 2026 na hakuimaliza nafuu yake, huyo husogeza salio mbele, kwa sababu kifungu kile kiliruhusu.

Kilichobaki hakipitii kodi. Sheria ya 2022 (Inflation Reduction Act) ilitenga pia punguzo linalotolewa kupitia majimbo: hadi dola 8,000 kwa pampu ya joto, 1,750 kwa hita ya maji, 4,000 kwa paneli ya umeme, 2,500 kwa nyaya, 1,600 kwa pamba na kuziba nyufa, lakini jumla haizidi 14,000. Kaya yenye kipato chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake inaweza kulipiwa gharama yote hadi vikomo hivyo. Ya asilimia 80 hadi 150 hulipiwa nusu. Zaidi ya hapo, hakuna. Majimbo hayako sawa, mengine yamefungua na mengine fedha imeshakwisha, kwa hiyo ulizeni ofisi ya nishati ya jimbo kabla ya kutia saini popote. Punguzo hili linataka kibali kwanza, na aliyefunga mashine ndipo akaomba huambiwa hapana. Wenye kipato kidogo waulize pia mpango wa Weatherization, wa serikali kuu wa kuziba nyumba zisipoteze joto, ulioanzishwa 1976, ambao mwenye nyumba halipi kitu.

Mkipata bei za mafundi, mwulizeni kila mmoja amepimaje ukubwa wa mashine. Anayejibu kwa kutazama ukubwa wa fanesi ya zamani amebahatisha, na fanesi za zamani nyingi zilikuwa kubwa kupita kiasi. Hesabu inayokubalika huitwa Manual J, nayo huanza kwa kupima madirisha, kuta na unene wa pamba darini. Muulizeni pia mashine inatoa joto kiasi gani ikiwa nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na koili za umeme za akiba (nyaya za kupasha joto, si ile koili ya gesi) zitawaka kuanzia nyuzi ngapi. Koili hizo hutoa joto sawa na umeme zinaokula, wakati pampu katika baridi ya kawaida hutoa mara mbili hadi tatu. Fundi akiziacha ziwake mapema kwenye themostati, bili ya Januari itawafanya mdhani pampu ni mbovu.