Dizi ya Kaskazini na Dizi ya Kusini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesikiliza rekodi mbili za dizi, ile filimbi ya mianzi ya China. Ya Feng Zicun inarukaruka na kukwaruza. Ya Lu Chunling inatiririka taratibu, hadi nikadhani ni ala nyingine. Tofauti iko kwenye filimbi au kwa mpigaji? Nami ninayeanza, ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Iko kwa vyote viwili, ila zaidi kwa mpigaji.

Feng, mzaliwa wa mkoa wa Hebei, kaskazini mwa China, mwaka 1904, alipiga bangdi, filimbi fupi yenye sauti ya juu, iliyokulia kwenye opera za bangzi za kaskazini. Huko waimbaji hupaza sauti na vibao vya mti hugongwa kwa nguvu. Filimbi ya upole ingemezwa. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na ulimi. Unakata noti fupifupi, mara unatetemeka kama anayetamka "rrr" huku pumzi ikitoka, na huo ndio mkwaruzo uliousikia. Vidole navyo huteleza juu ya matundu.

Lu, aliyezaliwa Shanghai mwaka 1921, alipiga qudi, ndefu na ya sauti nzito zaidi. Hii ndiyo inayomfuata mwimbaji wa opera ya Kunqu, na ndiyo ya vikundi vya nyumba za chai za Shanghai, ambako kila mpigaji huupamba wimbo uleule kwa namna yake. Hapa ulimi hupumzika. Pumzi ni moja, ndefu, na katikati ya noti kidole hugusa tundu mara moja, upesi sana, kikaondoka. Rudia rekodi yako uisikilize hiyo miguso. Mimi haijawahi kunichosha.

Usidhani lakini kwamba mitindo hii haionani. Mpigaji Zhao Songting wa mkoa wa Zhejiang aliiunganisha, na kwake utasikia ulimi wa kaskazini juu ya pumzi ya kusini.

Wewe anza na qudi ya D, yaani ya ufunguo wa D. Pumzi ikishakaa sawa, ulimi utafundishika. Kama vidole vyako ni vifupi, chukua bangdi ya G, matundu yake yamekaribiana.

Yoyote utakayochagua, jifunze kwanza kubandika utando wa matete kwenye tundu lililo kati ya mdomo na vidole. Maji ya kitunguu saumu yanatosha kuwa gundi. Acha mikunjo midogo, iliyolingana: ukiukaza mno sauti inakuwa butu, ukiulegeza mno inakoroma.