Nikikimbia na shosti narudi nimenuna, kwa nini?

SWALI: Dada mambo, mimi nakimbia Coco Beach asubuhi kabla ya kazi, nikiwa mwenyewe narudi mwepesi kabisa hata bosi akinifokea sijali, ila tangu shosti wangu ajiunge narudi nimenuna, yeye ana spidi halafu kila saa anaangalia simu, "leo tumeshuka, ongeza mwendo". Watu wanasema mazoezi ya wawili ndo mazuri, mbona kwangu tofauti? Nimuache?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Poa mdogo wangu. Usimuache kwanza, na hao watu hawajakudanganya. Kuna utafiti ulifanyika Oxford kwa wapiga makasia wa chuo, ukachapishwa 2010, wakipiga makasia pamoja kwa mwendo mmoja walivumilia maumivu zaidi kuliko kila mtu alipofanya peke yake kwa nguvu ileile, na wataalamu huchukulia hiyo kama dalili kwamba mwili umetoa endofini nyingi, zile kemikali za kutuliza maumivu na kuleta raha. Ila hebu angalia, wale walikuwa wanakwenda sawa, kasia kwa kasia. Nyie mnashindana, tena wewe umeshawekwa wa pili kabla hujafunga kamba za raba!

Halafu kuna hiyo spidi yenyewe. Mwendo ukizidi pale pumzi inapoanza kukatika watu wengi raha inashuka palepale, hata wawe na nani, sasa wewe unahema, mwenzio anakusomea namba, mudi itatoka wapi? Kipimo ni rahisi, uweze kuongea sentensi nzima lakini kuimba ushindwe. Ukishindwa hata kumjibu shosti basi huo ni mwendo wake, siyo wako.

Mimi ningegawa siku. Kichwa kikiwa kimejaa nenda mwenyewe, maana upweke ule wa asubuhi ni dawa na usione aibu kuutaka. Siku zile kitanda kimekung'ang'ania ndo mwite yeye, mtembee haraka haraka mkipiga stori, simu ibaki mfukoni. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea hivyo kunahesabika kabisa.

Mwambie wazi, "shosti napenda kampani yako ila namba zinaniondolea raha", rafiki wa kweli ataelewa. Na ukienda peke yako tafadhali subiri kupambazuke, giza la saa kumi na moja pale ufukweni silipendi kabisa kwa msichana aliye mwenyewe.