Sensa imebadilishwa, taa ya injini imerudi: nimwache wakala niende kwa fundi wa nje?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Gari langu lina miaka minne, na tangu nilinunue likiwa jipya nimekuwa nalipeleka kwa wakala wa kampuni. Miezi miwili iliyopita taa ya injini iliwaka. Asubuhi gari linatetemeka likiwa limesimama, ukishaanza mwendo linatulia. Wakapima kwa kompyuta, wakasema namba ni P0171, wakabadilisha sensa ya oksijeni. Taa ikazima, baada ya wiki mbili ikarudi, namba ileile. Sasa wanasema ni pampu ya mafuta. Fundi mwenyewe sijawahi kumwona, naongea na kijana wa mapokezi tu, na kila nikienda ananiletea orodha: kusafisha nozeli, kusafisha injini kwa dawa, kubadilisha mafuta ya breki. Jirani yangu ana fundi wake wa nje anayemsifia sana, lakini kwa wakala wananiambia nikitoka tu dhamana imekufa. Nifanyeje?

JIBU: Asante dada, nimeshapoa. Naomba nianze na hiyo P0171 kabla ya kusema nani alishike gari, kwa sababu ukiielewa utaweza kumpima fundi yeyote, wa wakala au wa nje.

P0171 haitaji kifaa kilichokufa. Inasema tu kwamba upande wa kwanza wa injini unachoma mchanganyiko mwembamba, yaani hewa imezidi au petroli imepungua. Injini ya petroli inataka hewa kama kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli, na sensa ya oksijeni imekaa kwenye bomba la ekzosi kunusa moshi na kuripoti kama kipimo hicho kimefuatwa. Sensa inaweza kuharibika, sikatai. Lakini kubadilisha sensa kwa sababu tu imeripoti, bila kuipima yenyewe, ni kubahatisha kwa pesa zako.

Kuhusu taa kuzima wiki mbili, hapo wateja wengi huamini kwamba kazi ilikuwa imefanikiwa. Haikufanikiwa. Fundi akimaliza hufuta kumbukumbu ya kompyuta, nayo huanza kujifunza upya. Kosa la aina hii kwa kawaida lazima lionekane katika safari mbili tofauti ndipo taa iwake, na kabla ya hapo kompyuta hujitahidi kulifidia yenyewe. Zile wiki mbili ugonjwa ulikuwepo, ila haukuwa umeandikwa.

Sasa dalili yako. Gari linatetemeka likiwa limesimama, hasa asubuhi, na likishika mwendo linatulia. Hiyo ni dalili nzito. Injini ikinguruma bila mguu kwenye mafuta, huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo upenyo mdogo unaoingiza hewa ya wizi unakuwa na uzito mkubwa. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inaingia kwa wingi na ule upenyo hauonekani tena. Asubuhi huzidi kwa sababu mipira na gaskiti zikipoa hunywea, injini ikipata joto hutanuka na kujiziba kidogo. Pampu ya mafuta iliyochoka hufanya kinyume chake: likisimama liko sawa, linakosa nguvu unapopanda mlima au unapotaka kulipita gari lingine. Kwa maelezo yako peke yake siwezi kuapa, ila pampu ingekuwa kitu cha mwisho kukishuku.

Kuna kipimo cha dakika kumi kinachotenganisha mambo hayo mawili. Kompyuta ya gari huhesabu ni asilimia ngapi ya petroli imeongeza au kupunguza ili kurekebisha mchanganyiko. Fundi anasoma asilimia hiyo gari likiwa limesimama, kisha injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. Chini ya 10 hatuhangaiki nayo. Ikikaribia 25, magari mengi huwasha taa. Ikiwa kubwa gari likisimama na ikashuka mizunguko ikipanda, tafuta hewa inapovuja. Ikiwa sawa gari likisimama na ikapanda injini ikibeba mzigo, hapo ndipo uzungumzie pampu, filta ya mafuta, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka. Waulize kwa wakala asilimia zilikuwa ngapi katika hali zote mbili. Wakikosa jibu, basi hakuna aliyepima.

Niliwahi kuletewa gari lililobadilishiwa sensa mbili na kusafishwa nozeli mahali pengine, kwa namba hiyohiyo. Likiwa limesimama lilikuwa linaongeza petroli asilimia 24. Nikafunga mashine ya moshi, ile inayosukuma moshi ndani ili utokee penye tundu, kwenye njia ya hewa, nikasubiri. Baada ya muda uzi mwembamba wa moshi mweupe ukaanza kupanda nyuma ya injini, chini ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, mahali ambapo huoni bila kioo. Ulikuwa mpira mdogo, unene wa kidole, ule unaorudisha mvuke wa oili kutoka kwenye kava la injini. Ukiutazama ulivyokaa ni mzima kabisa. Nilipoupinda kwa vidole, kona yake ya ndani ikafunguka ufa wa urefu wa ukucha, na mpira pale ulikuwa umelainika kwa oili hadi unanata. Nikabadilisha mpira ule na vibanio vyake. Asilimia ikarudi 3. Mwenye gari alisimama pembeni muda wote, akaushika ule mpira mwenyewe, na nadhani kuushika kulimsaidia kuliko maelezo yangu yote.

Kwa nini kwa wakala, penye vifaa vyote, jambo kama hili hupita? Si kwamba mafundi wao hawajui. Wengi wamefundishwa vizuri kuliko sisi tulio nje. Tatizo liko katika jinsi kazi ilivyogawanywa. Katika karakana nyingi za wakala fundi hulipwa kwa saa za kitabu: kubadilisha sensa kumeandikiwa muda wake, akimaliza mapema amefaidi, akichelewa hasara ni yake. Kutafuta ufa wa mpira kunaweza kula asubuhi nzima, na kitabu kikampa nusu saa. Ongeza kwamba wewe ulimwambia mtu wa mapokezi "linatetemeka asubuhi", yeye akaandika "taa ya injini inawaka", na fundi akaletewa karatasi hiyo pamoja na gari ambalo tayari limepata joto. Dalili iliyokuwa na jibu ndani yake ilibaki kaunta. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika barua yako: fundi hujawahi kumwona.

Na yule wa mapokezi mara nyingi ana kiwango cha mauzo cha kufikisha, ndiyo maana orodha haiishi. Kwenye orodha yako, mafuta ya breki usiyakatae. Hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230; yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 155, na yakichemka kwenye mteremko mrefu pedali inazama hadi chini. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila miaka miwili. Kusafisha injini kwa dawa, kwa gari ambalo halijawahi kukosa servisi, sioni sababu. Nozeli zisafishwe kipimo kikionyesha zinamwaga vibaya, si kwa sababu kilomita zimefika.

Kuhusu dhamana, wakala asikutishe bila kukuonyesha maandishi. Kwanza angalia kijitabu, kwa sababu dhamana nyingi za gari jipya huisha kwa miaka au kwa kilomita, kinachotangulia, na gari la miaka minne huenda limeshatoka. Kama bado ipo, jua kwamba kuna nchi ambazo sheria inakataa kufunga dhamana na karakana moja. Marekani wana sheria hiyo tangu 1975, na kanuni za ushindani za Umoja wa Ulaya zinaelekea hukohuko. Kwingine inategemea mkataba uliotia sahihi, kwa hiyo usome. Popote ulipo, kinachokulinda ni kumbukumbu: risiti yenye tarehe, kilomita, aina ya oili pamoja na kiwango chake kamili, na namba ya filta. Risiti iliyoandikwa "servisi" peke yake haitakusaidia siku ya mabishano.

Ukihama, usifunge mlango wa wakala kabisa. Gari likiitwa kwa kasoro ya kiwandani, kazi ile hufanywa na wao na hulipi. Mifuko ya hewa ya Takata ni mfano wa kutosha: dawa ya kuilipua iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kopo la chuma likawa linapasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva, watu wakafa, na magari yaliyoitwa duniani yalikuwa makumi ya mamilioni. Kuna watu walihamia kwa mafundi wa nje, wakabadilisha anwani, na barua ya kuwaita haikuwafikia. Chukua namba ya chasisi, ile ya tarakimu na herufi 17, uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji angalau mara moja kwa mwaka. Vilevile funguo zenye chipu, programu mpya za kompyuta ya gari na mikanda na mifuko ya usalama ningewaachia wao, isipokuwa umejiridhisha kwamba fundi wako ana vifaa na leseni za kazi hiyo.

Fundi wa nje naye ana hatari zake, na ninasema hivi nikiwa mmoja wao. Nimepokea gia boksi ya mkanda, ile isiyo na gia za hatua, iliyojazwa oili ya gia boksi ya kawaida kwa sababu "zote ni otomatiki". Oili ile haikuwa na mshiko ambao mkanda wa chuma na puli zake vinauhitaji. Mkanda ukateleza, ukachora puli, na kufikia nilipoifungua ndani ya sampu, bakuli la oili la chini, palikuwa na unga wa chuma unaong'aa kama rangi ya fedha. Kosa la chupa moja. Hakuna kompyuta ya wakala ambayo ingehitajika kulizuia, kijitabu cha gari kingetosha.

Kwa hiyo huyo fundi wa jirani, mjaribu kwa gari lako hilihili. Mpelekee dalili, usimpelekee jina la spea. Mwambie linatetemeka asubuhi, na uliache kwake usiku kucha ili aliwashe mwenyewe likiwa baridi. Muulize atapima nini kabla ya kufungua chochote. Akikujibu "tutabadilisha pampu tuone", shukuru uondoke, umeshakutana na jibu hilo. Akizungumzia moshi, asilimia za petroli, au hata kupuliza dawa kwenye viungio vya mipira huku akisikiliza injini ikibadili sauti, kaa naye. Angalia kama anafunga nati za tairi kwa spana ya kipimo au kwa nguvu za mkono. Na mwambie asifute namba kabla ya kunakili taarifa zilizohifadhiwa pamoja nayo: kompyuta huweka kumbukumbu ya joto la injini, mwendo na mizunguko ya ule wakati kosa lilipoandikwa, na mara nyingi humo ndimo mwanzo wa njia ulimo.

Lakini kabla ya yote hayo, rudi kwa wakala mara moja zaidi ukiwa na ankara ya ile sensa. Kazi waliyoifanya haikuondoa tatizo ulilowaletea, na kwa kawaida kazi ya karakana ina dhamana yake yenyewe. Omba kuongea na msimamizi wa mafundi, si mapokezi. Mwambie unataka gari lipimwe upya bila malipo, likiwa baridi, wewe ukiwepo, na pampu isiguswe hadi uonyeshwe kipimo cha shinikizo la mafuta kwa namba. Omba pia sensa yako ya zamani. Wakikubali, huenda ukagundua ndani ya karakana ileile kuna fundi mzuri ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kukusikiliza. Wakikataa, chukua nakala ya rekodi zote za servisi uende nazo kwa fundi wa jirani.

Yeyote atakayelitengeneza, usilipokee kwa sababu taa imezima. Liendeshe siku tatu nne, pamoja na asubuhi mbili za kuliwasha likiwa baridi, kisha lirudishe wasome tena asilimia likiwa limesimama. Ikiwa chini ya 10 na tetemeko limekwisha, limepona. Ikiwa imebaki juu ya 20, mwambie arudishe moshi kwenye njia ya hewa aanze kuangalia nyuma ya injini. Uniandikie matokeo, na asilimia hiyo uiweke kwenye barua.