Maswali ya Wasomaji: Kukodi Kompyuta za Wingu kwa Hesabu Nzito

SWALI: Ninafanya utafiti wa mtiririko wa hewa kwa programu inayogawa hesabu moja kwa mashine nne, ambazo hupelekeana data kwa MPI (utaratibu wa kupelekeana ujumbe kati ya mashine) muda wote. Nimeorodhesha bei za saa za AWS (ya Amazon), Azure (ya Microsoft) na Google Cloud, kampuni zinazokodisha kompyuta kupitia intaneti, na ninakusudia kuchukua ya chini kuliko zote. Je, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Ndugu msomaji, orodha hiyo iweke kando kwanza, kwa sababu unachohitaji kukilinganisha ni gharama ya hesabu moja hadi inapokamilika.

Anza na prosesa, maana hapo wengi hukosea. Katika mashine nyingi za AWS na Google Cloud zenye prosesa za Intel, CPU pepe moja (vCPU katika orodha za bei) ni uzi mmoja tu, yaani moja ya njia mbili za kazi ambazo kiini kimoja cha prosesa hugawanywa, hivyo mashine iliyoandikwa CPU pepe 96 ina viini halisi 48. Azure, katika mashine zake za HB zilizoundwa kwa kazi kama yako, imezima mgawanyo huo, na kila CPU pepe ni kiini kizima. Kwa hiyo gawa bei kwa viini halisi.

Lililo zito zaidi kwako ni mtandao. Mashine zako husubiriana katika kila hatua ya hesabu, moja ikichelewa zote huchelewa, na kusubiri huko unakulipia. Mashine za HB huunganishwa kwa InfiniBand, mtandao wa kasi usiochelewesha ujumbe. AWS ina EFA, kiunganishi chake cha mtandao wa kasi, ambayo hupatikana katika aina fulani tu za mashine na ni lazima uiwashe mwenyewe. Usitegemee maelezo ya matangazo. Chukua hesabu yako halisi, endesha hatua 200 kwa mashine moja, kisha mbili, kisha nne, na upime muda kila mara. Tuseme mashine moja ingemaliza kazi yote kwa saa 32 na nne zinaimaliza kwa saa 10: utakuwa umelipia saa 40 za mashine badala ya 32. Pengine kuwahi matokeo kunastahili nyongeza hiyo, lakini uamue ukiwa unaijua.

Mashine za Spot, yaani zile za ziada ambazo kampuni haizitumii kwa wakati huo, zina punguzo kubwa, ila kampuni inaweza kukunyang'anya wakati wowote: AWS hukuarifu dakika 2 kabla, Azure na Google Cloud sekunde 30. Kwako, ikiondoka moja, kazi yote huanguka. Zitumie ikiwa tu programu yako huhifadhi hali ya hesabu kila baada ya muda, kwenye hifadhi iliyo nje ya mashine hizo.

Usisahau gharama ya kutoa data. Katika vituo vya AWS vya Marekani, baada ya gigabaiti 100 za bure kwa mwezi, kila gigabaiti inayotoka kwenda intaneti hutozwa takribani dola 0.09, hivyo terabaiti 2 za matokeo zitazidi dola 170. Yachambue matokeo hukohuko, upakue majedwali na michoro tu.