Majina ya Kifaransa kwa mtoto wa kiume: maswali yenu na majibu

Naomba majina mia moja ya kiume ya Kifaransa yenye maana nzuri. (Mama mtarajiwa, Morogoro)

Sitoi, dada yangu. Orodha za namna hiyo zimejaa mtandaoni, na nyingi zimenakiliana makosa: kila jina utaambiwa ni "jasiri" au "zawadi ya Mungu". Niletee mawili matatu uliyoyapenda, uniambie na jina la ukoo, hapo tutazungumza.

Mume wangu anataka mtoto aitwe Jean. Mama mkwe anasema hilo ni jina la kike. Nani yuko sahihi? (Bukoba)

Mumeo. Jean la kike ni la Waingereza. La Wafaransa ni Yohana, na la kike lake ni Jeanne. Lakini msimpuuze mama mkwe. Walimu wa huku wataliona jina hilo kwenye daftari la mahudhurio na kulisoma Kiingereza, na wenzake watamwita Jini tangu chekechea. Kama baba hakubali kuliacha, liungeni na jingine, Jean-Pierre au Jean-Paul, kama wafanyavyo majirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi. Hapo hakuna atakayekosea.

René lina maana gani? (Kigoma)

Aliyezaliwa upya.

Kylian kwa Kifaransa maana yake nini? Baba mtoto ni shabiki mkubwa wa Mbappé. (Nakuru)

Kwa Kifaransa halina maana yoyote, kwa sababu si Kifaransa. Ni jina la Ireland, Cillian, lililovaa tahajia mpya. Mtakatifu Kilian alikuwa mmisionari kutoka Ireland aliyeuawa Würzburg, Ujerumani, katika karne ya 7. Wapo wanaolihusisha jina lake na neno la kanisa, wengine na neno la vita.

Hili nalirudia kila mara na bado barua zinakuja zilezile: ulizeni kwanza jina limetoka wapi, ndipo muulize maana yake. Majina mengi mnayoyaita ya Kifaransa yalifika Ufaransa kutoka kwingine. Louis, Charles, Henri na Thierry ni ya lugha za Kijerumani, yaliletwa na Wafranki, watu wa kale walioitawala nchi hiyo: Louis ni mwenye sifa vitani, Charles ni mwanamume huru, Henri ni mtawala wa nyumba. Pierre ni Kigiriki, jiwe. Stéphane na Étienne yote mawili ni Stefano, yaani taji. Gabriel, ambalo kwa miaka kadhaa sasa limeongoza kwa watoto wa kiume wa Ufaransa, ni Kiebrania kitupu, na mnalo kwenye Biblia zenu.

Anayetaka jina linaloitaja Ufaransa yenyewe achukue François. Na hata hilo lilivuma kwa sababu ya Mwitaliano: Fransisko wa Asizi alibatizwa Giovanni, baba yake, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa na shughuli Ufaransa, ndiye aliyemwita Francesco.

Sisi ni Waislamu. Tumependa Zinédine na Ousmane. Yanafaa? (Tanga)

Yanafaa sana, na tayari mnayo. Zinédine ni Zainuddin, pambo la dini. Ousmane ni Athumani, kama linavyotamkwa Afrika Magharibi na kuandikwa kwa herufi za Kifaransa. Mamadou ni Muhammad, Youssouf ni Yusufu. Rayan mnalolisikia kila mahali ni Rayyan, mlango wa peponi wa waliofunga.

Ushauri wangu: mwiteni Athumani. Inaniuma kuona watu wa pwani wanalikimbia jina la babu zao na kwenda kulipokea lilelile kutoka Paris kwa sababu limetangazwa kwenye mpira.

Fiston na Héritier ni majina kweli, au ni ya utani? Vijana wa Yanga mtaani kwetu wanawapa watoto. (Temeke)

Ni majina kweli, ya Kongo. Fiston Mayele na Héritier Makambo, Wakongomani waliochezea Yanga, ndio waliotuzoesha kuyasikia, lakini kule yapo siku zote, pamoja na Trésor (hazina), Dieumerci (Mungu asante), Bienvenu (karibu) na Dieudonné (Mungu ametoa), ambalo ni la Kanisa tangu zamani. Wakongomani walikichukua Kifaransa wakakifanyia kazi tuliyoifanya sisi kwa Baraka, Zawadi na Shukuru. Nayaheshimu kuliko Kylian, maana mzazi aliyeyatoa alijua anasema nini.

Na walipitia mengi kuyabakiza. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na mapadri wakatishiwa kifungo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Désiré ni aliyetamaniwa, mtoto aliyeombwa kwa muda mrefu. Aliyekuja kumng'oa mwaka 1997 aliitwa Laurent-Désiré Kabila.

Tahadhari mbili. Fiston ni namna ya mzazi kumwita mwanawe kwa mapenzi, "mwanangu". Mtoto huyo atakuja kuwa babu, na wajukuu watamwita hivyohivyo. Na Héritier ni mrithi. Ukimpa mtoto wa kwanza halafu ukazaa wengine watano, umepanda ugomvi wa shamba kabla hujafa.

Nimejifungulia Lyon. Nimeambiwa serikali ya Ufaransa itanikatalia jina Baraka. (Lyon)

Aliyekuambia anazungumzia zamani. Sheria ya 1803 iliwabana wazazi kwenye majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale, lakini tangu 1993 mzazi yuko huru. Karani wa ofisi ya meya anaandika, na akiona jina litamdhuru mtoto anamjulisha mwendesha mashtaka. Hakimu ndiye mwenye uamuzi. Ndivyo hakimu wa Valenciennes alivyofuta jina Nutella mwaka 2014, binti akawa Ella. Baraka wanalijua, Wafaransa husema mtu mwenye bahati ana "baraka". Kinachotakiwa ni kumwandikisha ndani ya siku tano, basi nenda leo.

Cheti cha mwanangu wa kiume kimeandikwa Michelle. Nesi alisema ni sawa na Michel. Ni kweli? (Mwanza)

Si kweli hata kidogo. Michelle ni mwanamke. Pascal na Pascale, André na Andrée, René na Renée, Noël na Noëlle ni hivyohivyo: mwisho wa neno ndio unaotaja jinsia. Andikeni jina kwenye karatasi mpeleke nalo kwa msajili, msilitaje kwa mdomo tu. Wewe omba marekebisho sasa, kabla hajaanza darasa la kwanza, maana baadaye kila cheti cha shule kitabeba kosa hilo na utalazimika kulifuatilia kimoja kimoja.