Mwalimu wa elimu maalumu, usikubali kufungiwa kitengoni

Wiki iliyopita nimepata meseji ndefu kutoka kwa mwalimu mmoja kijana, kapangiwa kitengo cha elimu maalumu kwenye shule ya msingi hapahapa mkoani kwetu Dodoma. Kaanza na shikamoo dada, halafu akamwaga yote, kwamba mwalimu yeyote akikosekana yeye ndo anaitwa akakae na hilo darasa, watoto wa kitengo wanabaki na mama mpishi, na ofisini wanamwambia wewe huna kazi, unashinda unacheza nao tu. Mwisho akauliza, dada niombe kuhamia darasa la kawaida? Nimeisoma nikiwa kwenye daladala natoka Majengo na nikashindwa kumjibu kwa mistari miwili, maana hayo maneno nayajua, nimeambiwa hayohayo na watu ninaokunywa nao chai. Kwa hiyo nakujibu hapa mdogo wangu, na wengine mlioko kwenye vitengo msome.

Mimi nilisoma Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu kule Arusha, nikarudi huku na moto wangu wote, nikapewa chumba cha mwisho kabisa upande wa vyooni ambacho nusu yake ilikuwa stoo ya majembe. Humo ndani kuna mwenye usonji (wengine wanaita otizimu), kiziwi, wenye ulemavu wa akili, na wengine ambao kosa lao kubwa ni kuchelewa kujua kusoma. Yaani mtoto akimshinda mwalimu analetwa kitengoni, basi, kesi imeisha. Miaka ya mwanzo siisimulii, ni kugombania chaki na kuomba mkeka.

Nataka niwaambie habari ya binti mmoja. Aliletwa na mwalimu wake akiwa darasa la tatu, kashikwa mkono, mwalimu ananiambia huyu mzito, hafundishiki. Nikakaa naye. Daftari analisogeza mpaka puani, akitoka nje kwenye jua letu hili la Dodoma anafinya macho na kuinamisha kichwa, ubaoni hakopi kabisa anakopi kwa mwenzake, lakini ukimsimulia hadithi anakurudishia yote na majina ya wanyama hajakosea. Mzito gani huyo? Nikachukua karatasi na makapeni nyeusi, nikaandika maneno kwa herufi kubwa zilizoachana, nikamkalisha dirisha likiwa mgongoni kwake. Akasoma. Akasoma lote! Nilimwita mama yake siku hiyohiyo, tukaenda kwa daktari wa macho, akasema ni uoni hafifu, miwani itamsaidia kidogo ila haitamaliza tatizo.

Sasa hapo ndo kazi ya mwalimu wa elimu maalumu inapoanza, na ndo wengi hatuijui. Ningeweza kubaki naye kitengoni nikamlea vizuri sana na kila mtu angenisifu kwa huruma. Nikasema hapana, huyu anarudi darasani kwake. Mwalimu wake akaniambia mimi nina watoto zaidi ya mia, nitaanzia wapi, na kwa kweli hakuwa anasingizia. Ikabidi niingie naye darasani. Tukaupaka ubao rangi upya maana ulikuwa umepauka mpaka hata mwenye macho mazima anahangaika, tukamweka binti mbele katikati, mbali na dirisha linalompiga mwanga usoni, nikamzoesha mwalimu kusoma kwa sauti kila anachoandika, na maswali ya hesabu nikawa namwandikia pembeni kwa herufi kubwa. Hiyo sauti ikasaidia na waliokaa nyuma kabisa.

Huyo binti kachaguliwa kidato cha kwanza. Kwenye kikao cha wazazi akasimamishwa mwalimu wa darasa, akapigiwa makofi na kupewa kitenge. Mimi nilikuwa nyuma nimekaa na watoto wangu wa kitengo, hakuna aliyenitaja hata kwa bahati mbaya. Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Lakini nasema bila kuona haya, ile ni kazi yangu, na Mungu anajua.

Ndo maana nakwambia mdogo wangu, andika. Kazi yetu isipoandikwa inaonekana ni kucheza. Kila mtoto awe na mpango wake binafsi, karatasi moja inatosha, anaweza nini leo, muhula huu tunataka afike wapi, nani atafanya nini shuleni na nyumbani, mzazi asaini. Usiandike "ajue kuvaa", andika hatua. Mimi viatu nafundisha kwa kuanzia hatua ya mwisho, namvalisha mpaka kisigino halafu yeye anavuta mkanda na kubana tu, akiiweza hiyo narudi nyuma hatua moja, kwa hiyo kila siku mtoto anamaliza mwenyewe na anafurahi. Unaandika tarehe na alichoweza. Siku ukiitwa ukakae darasa la tano unampelekea mwalimu mkuu hilo daftari, kwa heshima, unamwonyesha saa hii nani anafundishwa nini na nani atakosa ukiondoka. Mimi walipunguza kuniita.

Na usikae humo ndani tu. Nenda kwa wenzako uwaambie vitu vidogo, ukiwa na mtoto anayesikia kwa shida usiongee huku umegeukia ubao, mtazame. Wa usonji mwambie mapema ratiba ikibadilika. Mwenye ualbino usimpange mstarini kwenye jua bila kofia. Kama una asiyeona na hujui nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, vizuri nenda Buigiri pale Chamwino, ile ni shule ya wasioona ya siku nyingi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa hawa watoto haki ya elimu jumuishi, yaani kusoma pamoja na wenzao, hatuwafanyii hisani, na walimu wenzangu wa madarasa ya kawaida mnaosoma hapa tubadilike jamani, mtoto akikushinda hajageuka kuwa wa kitengo.

Kuhusu kuhama, mimi sikushauri. Malizia kwanza mipango ya watoto wote ulionao, mpe mwalimu mkuu nakala, nyingine ipeleke kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Na kama una wa darasa la saba mwenye uoni hafifu, kaa na anayefanya usajili wa mtihani uhakikishe hitaji lake limejazwa, vinginevyo chumba cha mtihani atakutana na karatasi ya herufi ndogo. Hilo lifanye wiki hii.