Taa ya ABS haizimi kwenye Golf 5: kabla hujanunua kontroli boksi, pima hivi

Mkuu, nimekuelewa hivi: Golf 5 yako, ile ya Volkswagen, imewasha taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) na ya ESP (unaozuia gari kuteleza pembeni), fundi akabadilisha sensa mbili za mbele, taa zikapotea kwa muda kisha zikarudi, na sasa anakwambia kontroli boksi ya ABS, yaani kompyuta yake, imekufa, ukatafute nyingine kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Inawezekana yuko sahihi. Lakini katika maelezo yako yote sijaona kitu hata kimoja kilichopimwa, na ndiyo maana naandika kwa urefu. Kazi yangu ni umeme wa magari hapa Dar, na boksi nyingi za ABS ninazoletewa kwa jina la kufa ni nzima kabisa. Kilichokufa ni waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari), plagi iliyoingia maji, au beringi iliyofungwa isiyo yake.

Kabla ya yote angalia dashibodi vizuri. Ikiwaka taa ya njano ya ABS peke yake, breki za kawaida bado unazo, ila tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, na hendibreki umeshusha, na mafuta ya breki yamejaa, maana yake mfumo umeacha hata kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Hapo tairi za nyuma zinaweza kujifunga kabla ya za mbele, na gari linageuka mkia kwenye lami yenye maji. Gari la hivyo usilipeleke safari ya Morogoro, mkuu. Lipeleke gereji taratibu na uache nafasi kubwa kwa gari la mbele yako.

Sasa upimaji. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyoungana na simu mara nyingi husoma injini tu. Unahitaji mashine inayoingia ndani ya ABS yenyewe na kuonyesha data wakati gari linatembea. Andika namba zote za hitilafu, na hapohapo nakili kodingi ya boksi iliyopo (namba inayoliambia boksi limefungwa kwenye gari la aina gani), herufi kwa herufi. Hii wengi hawaifanyi, halafu boksi la zamani likishatoka na kufa kabisa hakuna wa kuwaambia lilikuwa limekodiwaje.

Kwenye magari ya familia hii, 00283 ni sensa ya mbele kushoto, 00285 mbele kulia, 00287 nyuma kulia, 00290 nyuma kushoto. 01276 ni pampu ya ABS, 01435 ni sensa ya shinikizo la breki, 00778 ni sensa ya usukani, na 65535 ni boksi lenyewe kujilalamikia. Namba haikwambii ununue nini. Inakwambia boksi limeona tatizo upande gani, na upande huo una sensa, waya, plagi na beringi.

Kwako zilibadilishwa sensa mbili kwa mpigo, jambo linalonitia shaka tangu mwanzo. Sensa mbili hazifi siku moja bila sababu inayoziunganisha. Futa namba zote, mpe mwenzako usukani, mwambie aende kilomita 20 hadi 30 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, wewe angalia mwendo wa magurudumu manne kwenye mashine. Yote yanapaswa kwenda pamoja. Likibaki moja kwenye sifuri, au likawa linaruka wakati mengine yametulia, kona hiyo ndiyo ya kuishughulikia. Yakitembea yote manne vizuri na taa bado inarudi, achana na sensa kabisa.

Sensa za Golf 5 si zile za koili za magari ya zamani, ambazo unazipima ukinzani kwa multimita na kupata omu elfu moja hivi. Hizi zinahitaji umeme ili zifanye kazi. Kuzipima omu hakukwambii chochote na unaweza kuziharibu. Chomoa plagi ya sensa, washa swichi, pima volti kati ya pini mbili upande wa waya unaotoka kwenye boksi. Ukiona volti kati ya 8 na 12, boksi linatoa chakula na waya umefika. Usipoona kitu, fuata waya hadi kwenye plagi kubwa ya boksi kabla hujalaumu chochote. Waya wa gurudumu hupinda kila unapokata kona, na hukatika ndani ya gamba bila kuonekana kwa nje.

Halafu kuna beringi. Kwenye gari lako pete inayosomwa na sensa ni ya sumaku na imo ndani ya beringi yenyewe. Beringi ikibadilishwa kwa ya bei ya kutupa isiyo na pete hiyo, au yenye pete dhaifu, sensa mpya hata kumi hazitasoma. Kwenye magari ambayo beringi inapigwa kwa presi, ikiingizwa kinyumenyume pete inakuwa upande wa pili na matokeo ni hayohayo. Kwa hiyo jiulize: taa ilianza kabla au baada ya kubadilisha beringi? Kama sensa za kushoto na kulia zina namba moja ya spea, zibadilishane upande. Hitilafu ikihama na sensa, sensa ni mbovu. Ikibaki palepale, tatizo ni waya, beringi au boksi.

Hatua inayofuata ndiyo inayookoa hela za watu, na ndiyo inayorukwa: umeme unaoingia kwenye boksi. Anza na betri. Gari likiwa limezimwa na kupumzika inapaswa kuwa karibu volti 12.5, injini ikiwaka karibu 14. Betri ikichoka, ABS ni kati ya mifumo ya kwanza kulalamika, kwa sababu pampu yake inavuta ampea nyingi. Kisha chomoa plagi kubwa ya boksi na uichunguze kwa tochi. Ukiona ukijani au pini nyeusi, maji yameingia. Jamani, tuache kuosha injini kwa mashine ya presha. Maji yale yanapita kwenye sili za plagi ambazo mvua ya kawaida haiwezi kupita.

Plagi hiyo ina njia nene za umeme, moja ya pampu na nyingine ya vali, kila moja na fyuzi yake kubwa, pamoja na ethi nene. Usiridhike na multimita kuonyesha volti 12. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha 12 vizuri tu, kwa kuwa multimita haivuti kitu. Chukua balbu ya H7 ya wati 55, iunge kati ya njia ya chanya na ethi ya plagi hiyo, bila kupanua pini. Iwake kwa mwanga kamili. Ikiwaka kwa kufifia, umepata mgonjwa wako: pima upotevu wa volti upande wa ethi, na ukizidi 0.2 safisha pale waya unapofungwa kwenye bodi, kwangua kutu, kaza upya. Nimeona gari likiandika hitilafu ya pampu na ya boksi kwa pamoja, na dawa ilikuwa msasa na boliti mpya ya ethi.

Pampu nayo ina jaribio lake. Ukianza safari na mwendo ukafika kama kilomita 20 kwa saa, boksi huizungusha mara moja kujipima, na ukizima redio unasikia mngurumo mfupi. Usipousikia kamwe, na umeme wa balbu ni mzuri, basi ni mota au boksi. Boksi likishatolewa, mota unaweza kuipa volti 12 moja kwa moja kwa sekunde moja. Ikizunguka, mbaya ni boksi. Isipozunguka, boksi jipya peke yake halitakusaidia kitu.

Sasa ile 01435, kwa sababu nahisi ndiyo utakayoikuta. Gari langu la zamani liliwahi kunionyesha ugonjwa wa namna hii. Asubuhi taa zimezima, nikifika kwenye foleni ya barabara ya Mandela na injini imeshika moto zinawaka zote, jioni gari likipoa zinapotea. Ugonjwa unaofuata joto karibu kila mara ni kiungo kilichopasuka ndani ya elektroniki: kikipata moto kinaachana, kikipoa kinagusana. Nilifungua data ya shinikizo la breki, mguu nimetoa kwenye pedali, ikasoma karibu na sifuri kama inavyotakiwa. Nikalipuliza boksi kwa kikausha nywele. Baada ya muda namba ikaruka juu hali hakuna aliyegusa breki, na taa zikawaka mbele ya macho yangu. Nikaliacha lipoe, ikarudi chini. Kwa jaribio hilo nilikuwa na uhakika, na umeme nilikuwa nimeshaupima. Jaribu na wewe. Ni bure, ila usitumie mashine ya kuyeyusha plastiki.

Ukishathibitisha kuwa ni boksi, una njia mbili, na mimi napendelea kulikarabati lako. Linarudi na kodingi yake, hakuna kubahatisha namba. Ila mtafute fundi wa elektroniki mwenye vifaa vya kazi hii hasa. Ndani mna nyaya nyembamba za aluminiamu kama unywele, na risasi ya kawaida haishiki aluminiamu. Muulize kabla hajafungua, na akikuonyesha chuma cha lehemu tu, chukua boksi lako uondoke.

Njia ya pili ni boksi lililotumika. Namba ya boksi la Golf 5 huanza na 1K0 907 379 kisha herufi, na bloku ya mafuta (kile chuma chenye vali na paipu za breki ambacho boksi limefungwa nacho) 1K0 614 517 kisha herufi. Herufi hizo zifanane na zako, zote. Gari lisilo na ESP halina boksi sawa na lako hata kama linafanana kwa sura. Muuzaji akikwambia yote yanaingiliana, mwombe asome namba kwa sauti. Na mkubaliane kwa maandishi kwamba utalirudisha likigoma kukodiwa.

Kulifunga si kazi ngumu, inataka usafi. Toa waya hasi wa betri. Safisha vumbi lote kuzunguka eneo hilo kabla hujalegeza chochote. Achia mkono wa plagi, fungua boliti za kichwa cha nyota, kisha vuta boksi likiwa limenyooka, usilipindishe. Koili zimo kwenye boksi, vali zimebaki kwenye bloku, na zikigongana zinapinda. Mafuta ya breki hayajafunguliwa popote, kwa hiyo hakuna kutoa upepo. Hii ndiyo raha ya kubadilisha boksi peke yake. Tazama uso wa bloku: ukikuta unyevu wa mafuta ya breki katikati, bloku inavuja na ndiyo imeua boksi. Badilisha vyote viwili, la sivyo boksi jipya litafuata njia hiyohiyo.

Ikibidi kutoa bloku, piga picha na uweke alama paipu zote sita, mbili za masta (silinda kuu ya breki) na nne za magurudumu. Kanyaga pedali kidogo na uizuie ibaki hapo kwa kipande cha mti, mafuta hayatamwagika ovyo kutoka kwenye chupa. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja. Weka mafuta ya breki mapya ya DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani: kiwango kinataka yachemke si chini ya nyuzi 230 yakiwa makavu, ila yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155, na sisi tunaoishi na hewa ya pwani tuyabadilishe kila miaka miwili bila kusubiri dalili. Upepo utoe kwa kutumia mashine inayozungusha pampu na kufungua vali. Kupiga pedali tu kunaacha hewa ndani ya bloku, na pedali itabaki laini.

Mwisho ni kodingi. Ingiza ile uliyoinakili, kisha usukani ukiwa umenyooka na gari liko mahali tambarare, fanya urekebishaji wa sensa ya usukani, ya mwendo wa pembeni na ya shinikizo, halafu jaribio la ESP la barabarani kama mashine inavyokuelekeza. Boksi zima lisilofanyiwa hatua hizi litaacha taa inawaka, na hapo ndipo watu wanaporudisha spea nzima dukani.

Kisha tafuta uwanja mpana usio na watu, mwendo wa 40, kanyaga breki kwa nguvu zote huku ukikata usukani kidogo. Pedali itetemeke chini ya mguu na gari likutii. Ukifanya kwenye changarawe litachukua umbali mrefu zaidi kusimama. ABS kwenye ardhi iliyolegea ndivyo ilivyo, usidhani ni mbovu. Na ukiwasha swichi, taa ya ABS lazima iwake kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyechomoa taa ili asiulizwe maswali.

Soma namba kwanza, mkuu, kisha ziandike hapa pamoja na volti za betri, matokeo ya balbu, na kama beringi yoyote iliwahi kubadilishwa. Usimpe mtu hela ya boksi hadi hapo.